Mkuki Uliokosa Samli

Harufu ya samli iliyochacha ikinipata popote, narudi Samuye, kwenye kijumba cha nyasi ambacho Bibi alikijenga uani kwa ajili ya wazee waliokufa. Ndani mlikuwa na ngao ya ngozi iliyoliwa na mchwa, na mkuki wa baba yake babu, aliyeuawa akifuatilia ng'ombe walioibwa. Bibi alisema mtu aliyekufa vitani halali kaburini kama wengine. Anasimama langoni mwa zizi, uso nje, analinda watu wake. Ila mtu wa nyumba akienda kwenye hatari, mkuki upakwe samli kwanza, la sivyo mzee hatamjua anayeondoka. Naandika nilivyoelewa, niliishia darasa la saba, na huenda Bibi alisema vingine.

Mwaka ule mvua ziligoma, na baba mdogo Masanja akaamua kwenda Geita kuchimba dhahabu. Kupaka ilikuwa kazi ya msichana ambaye hajavunja ungo, yaani mimi. "Kabula, paka mpaka kwenye ncha," alinitania. "Nikirudi bila kidole nachukua chako!" Nikaingia na kibuyu. Tulikuwa tunakula mara moja kwa siku. Samli nikailamba yote, mkuki nikausugua kwa mate na pindo la gauni mpaka ukang'aa. Baba mdogo akauona, akaridhika, akaenda.

Hakumaliza miezi miwili, duara likamfukia. Ndivyo wachimbaji wanavyoita shimo lao. Hawakumtoa. Walioleta habari walisema magogo ya kuzuia udongo yalikuwa yameoza, na ni haki niliandike hilo pia. Lakini mimi nilijua la kwangu. Siku ya tatu nikamwambia Bibi, tukiwa tunapepeta mtama. Aliendelea kupepeta, nikadhani hajasikia.

"Ilikuwa tamu?" akauliza.

"Ndiyo, Bibi."

"Basi, ng'wanone, mwanangu. Hili tutalibeba wawili."

Jioni akasimama zizini, akamwita Masanja kwa jina, akamwambia asimame na babu yake. Sauti ilikuwa ya kawaida, kama anamwita kula. Baadhi ya wazee wa kijiji walibisha: kufukiwa si vita. Bibi akaliita jina tena. Mpaka leo sijui kama alinisamehe au alinihurumia tu, na hayo si kitu kimoja.

Sasa naishi Buseresere, nasali kanisani, na kile kijumba kilianguka, hakuna aliyekiinua. Vijana wanashuka shimoni na helmeti, na kuna mashine ya kuwapelekea hewa. Siwezi kusema zamani kulikuwa bora. Mwanangu naye anachimba. Leo asubuhi alisimama mlangoni na begi lake. "Mama, umeniombea?" Nikamwambia ndiyo. Alipoondoka nikapiga magoti tena, maana niliomba nikiwa nimechoka, na sikuwa na hakika kama nilifika kwenye amina.