Nyeupe ya Abena

Jambo la kwanza ambalo mtu aligundua kwa Akua Boatemaa ni kwamba alimtazama mtu kuanzia pindoni kwenda juu. Uso ulikuwa wa mwisho. Pindo lako likiwa limefumuka, alikuuliza una shida gani kabla hujamaliza salamu. Aliuza vitenge Kumasi miaka kumi na minne, kisha akachukuliwa kutunza mavazi ya filamu.

Aliamini kwamba hata mtazamaji kiziwi anapaswa kuifuata safari ya moyo wa mhusika kwa nguo peke yake. Filamu hii ilimhusu Abena, ambaye mumewe alikwenda ng'ambo, kisha ikaja habari kwamba amekufa. Boatemaa aliijua njia: nyekundu siku ya habari, uchungu ungali mbichi, halafu nyeusi, mwaka mzima wa ujane. Lakini hapakuwa na mswada. Hadithi ilikaa kichwani mwa mwongozaji, Owusu-Nsiah, nayo ilirekodiwa vipande vipande bila mpangilio. Jumanne asubuhi wakaanza na mwisho: mume yu hai, amesimama mlangoni.

"Dairekta, Abena anafurahi au anamchukia?"

"Mvalishe apendeze tu, Anti. Mengine tutayajua tukifika."

"Nimvalishe moyo gani sasa?"

"Mvalishe nguo!"

Mafundi wa taa wakaangua kicheko. Boatemaa akatoa nyeupe, ambayo kwao ni rangi ya shukrani na sherehe, kama avaavyo mtu aliyeshinda kesi.

Mume akapanua mikono. Philo, mwigizaji wa Abena, alitakiwa amrukie. Alimtazama tu, kwa muda mrefu, kisha akasema, "Umekula?" Akageuka akaingia jikoni.



"We Philo, mbona hukumkumbatia mwenzio?" Owusu-Nsiah aliuliza.

"Hata mimi sijui. Miguu imekataa."

"Basi umenimaliza kwa uzuri! Maneno yabaki hayo hayo. Ila uchungu ule na nguo ya sherehe? Watatucheka mpaka Accra. Anti, kesho tunarudia. Mtie nyeusi."

"Mimi siwezi kurudia," Philo alisema taratibu. "Lile limetoka mara moja."

Mchana huo Boatemaa alitandaza nguo zote sakafuni. Wakirudia kesho, lile jambo litapotea. Akiiacha nyeupe bila sababu, atakuwa amemvisha Abena uongo. Akaiweka nyeusi kwenye tukio la mlangoni. Haikukaa: aliye katika matanga angemrukia mumewe akipiga mayowe. Akajaribu kitenge cha maua. Nacho kilikataa, maana aliyekwisha kusahau haulizi mtu kama amekula. Akazipanga upya, akazichanganya, hata akasahau alianzia wapi.

Philo akaingia na kenke, madonge ya unga wa mahindi uliochachushwa, na samaki wa kukaanga. "Dada, umefungua duka?"

"Nicheke tu. Yule mwanamke wako anataka nini?"

"Ningejua ningekwambia. Kula kwanza."

Boatemaa alikula akikodolea macho nafasi iliyobaki kati ya nyeusi na nyeupe. Mara akaacha kutafuna. Alikuwa amesahau siku ya kuvua nyeusi, mwaka unapotimia, mjane anapokwenda kanisani akiwa amevaa nyeupe. Akatoka mbio hata mikono hakunawa.

"Dairekta! Mume amerudi siku ileile! Abena amevua nyeusi asubuhi, amemaliza kumlilia, anafika nyumbani anamkuta mlangoni. Usirudie. Turekodi tu akivua nyeusi."

Owusu-Nsiah akajikuna kidevu. "Kwa hiyo bado anampenda?"

"Sijui."

"Umekimbia kote huko, na hujui?"

"Nguo imefika hapo tu. Mbele ya hapo hata mimi naona giza."

Mwongozaji akamtazama Philo, aliyekuwa amefuata nyuma. Philo akainua mabega. "Haya," Owusu-Nsiah akasema mwishowe. "Haturudii. Lakini watu wakizomea, nitawaonyesha nyumba yako."

Sasa filamu imekamilika, na Boatemaa hali chakula vizuri. Wajane wa kanisa moja la Bantama wameomba viti vyote vya mbele kwenye onyesho la kwanza. Hao wamewahi kuvua nyeusi kwelikweli. Ameomba kiti cha pembeni, karibu na skrini, ili Abena atakapouliza, "Umekula?" yeye aweze kugeuka awatazame wao. Pengine wataguna. Pengine mmoja atajibu kwa sauti, kama wafanyavyo, naye Boatemaa hatimaye atajua alimvalisha mwanamke gani. Onyesho ni Jumamosi saa nane mchana. Leo ni Alhamisi, na tangu asubuhi amekwishamuuliza Philo mara tatu kama saa haijabadilishwa.