Dakika Nne za Bi Subiri

Hospitalini kila mtu alimwita Bi Subiri, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kulea kompyuta mbili zilizotunza habari za wagonjwa: moja kuu, na nakala iliyofuata nyuma ikinakili kila kilichoandikwa. Kuu ikizimika, nakala hushika usukani. Rahisi, kama hujawahi kuifanya. Nyumbani mumewe alimtania kwamba hata chai huionja mara mbili ndipo aamini ina sukari.

Asubuhi moja, saa nne na dakika saba, ile kuu ikanyamaza. Papo hapo mganga mkuu akapiga simu: foleni imefika getini, nakala ishike usukani mara moja. Bi Subiri alianza kwa kuchomoa waya wa ile kuu. Mafahali wawili hawakai zizi moja; ikizinduka katikati ya kazi, kila moja itaandika lake. Kisha akaitazama nakala. Ilikuwa imekomea saa nne na dakika tatu. Dakika nne zilikuwa hazimo.

Mwingine angesema potelea mbali. Yeye alichukua daftari, akapita chumba kwa chumba na swali moja: mwisho umeandika nini? Karani wa mapokezi alicheka. Mtu wa maabara alisema hakumbuki hata alichokula. Mganga mkuu alipiga tena, safari hii akiwaka. Methali ya haraka na baraka Bi Subiri aliimeza, maana mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi huo.

Wodi ya watoto alimkuta muuguzi anatoka zamu, mkoba begani.

"Mtoto wa kitanda cha sita," muuguzi alisema. "Mama yake kaniambia penisilini inamvimbisha koo. Nimeandika kabla tu mashine haijazimika."

Kwenye nakala, ukurasa wa mtoto yule ulikuwa na agizo la penisilini, bila onyo lolote. Bi Subiri aliogopa hasa. Aliingiza onyo lile kwa mkono wake, pamoja na mambo mengine matatu aliyoyapata vyumba vingine, ndipo akaiachia nakala usukani. Saa nne na nusu muuguzi wa zamu mpya alifungua ukurasa, akairudisha sindano kwenye trei, akaenda kuomba dawa nyingine. Mganga mkuu aliyekuwa ameteremka kugomba aliona yote, akapanda ngazi kurudi ofisini.

Miezi mitatu baadaye, Bi Subiri akiwa na mkataba mpya, mashine ikazimika tena. Simu ililia kabla Bi Subiri hajafungua daftari.

"Ni mimi, mganga mkuu. Mwisho nimeandika mgonjwa wa upasuaji, saa tano kasorobo. Nakusomea, andika."