Ufunguo Yangu Ilikosekana Kule Wanapima Neutroni

Furaha ni mutoto ya ndugu yangu mudogo, anasoma fizike kule Ulaya. Siku moja nilimwambia mu telefone dhahabu ilitengenezwa na shetani. Akacheka: «Baba mukubwa, kuja uone yenye iliitengeneza.» Akatuma tike.

Nilitoka asubui mu kartye ya Bigo, hapa Bunia. Mu ndege nilishika kiti na mikono mbili. Kila mwenye nguo ya kaki akipita, ninaficha uso.

Kesho yake, saa ine ya asubui, tulifika mu labo yao, chini ya udongo, ukuta yote beton ya simiti. Kwa mulango kila mutu anachomoa ufunguo yake mu kibao, anaingia nayo.

«Usiipoteze,» Furaha alisema. «Ufunguo moja isiporudi mu kibao, mashini haitoe neutroni.»

Neutroni ni punje ndogo, haionekane. Alinionyesha dhahabu nyembamba kama ganda ya kitunguu. «Mu nyota, chuma inakamata neutroni moja moja, inakuwa nzito, inageuka, mupaka inakuwa dhahabu. Siye tunapima dhahabu hii inazikamata namna gani.»

«Munaingilia mambo ya nyota?»

«Tunaiuliza tu, baba mukubwa! Haitakukula.»

Halafu sirèni ililia, ya kusema watu wote watoke, mashini inataka kuanza. Watu walitoka polepole. Miye, miguu ilinipeleka yenyewe nyuma ya beton. Nikalala chini, mukono kwa kinywa.

«Baba mukubwa! Toka!»

Sikujibu. Kule Fataki, kwetu, pia walituita. Komanda Zéphyrin alitaka shimo yetu ya dhahabu, na jirani yangu Janvier alimuonyesha nyumba. Janvier aliita na sauti tamu: «Muke ya ndugu yangu, toka, ni miye.» Bibi yangu alijibu, akatoka.

Furaha alirudi peke yake, akanikuta, akakaa chini karibu yangu.

«Weye ndiye unakosekana. Wote wanakungojea.»

Inje, mukubwa ya labo alikuwa amesimama mbele ya kibao, anaangalia nafasi moja yenye haina ufunguo. Hakuna mwenye alikasirika. Aliuliza tu: «Papa, umeumia?» Niliweka ufunguo. Mashini ikaanza.

Sasa niko Bunia. Nimejifunza dhahabu haina kosa. Kosa ni ya Zéphyrin na Janvier, na majina yao nayaandika hapa. Kule, mutu moja akikosa, wanasimamisha kazi yote, wanamutafuta. Fataki, bibi yangu alikosekana mangaribi, na asubui watu walikuwa wanachimba mu shimo yetu.