Samahani ya Kukariri

Fundi cherehani aliyeshona sare za nusu ya mtaa hakuwa mtu wa kukosa la kusema. Mteja akilalamika kwamba gauni linabana, alijibiwa, "Kiuno ndicho kilichokua, shangazi, gauni usilisingizie," na wote wakavunjika mbavu. Lakini miezi saba ya kununiwa na binti yake wa pekee ilimkondesha.

Binti alikuwa akienda kwa mshauri nasaha kila Alhamisi. Huko aliambiwa atafute kidonda chake kilianzia wapi, naye akakipata: siku mama alipomchapa kwa rula ya kukatia nguo, mbele ya wateja, akiwa na miaka sita.

"Mama, naomba nafasi," alisema. "Usinipigie. Nikiwa tayari nitakupigia mimi."

Mama aliikumbuka siku ile kuliko yeye. Mtoto alichoropoka dukani akaingia barabarani, lori likafunga breki hatua moja tu kutoka kwake. Mama alimbeba mpaka ndani, na mikono ile ile iliyombeba ikashika rula.

Mteja mmoja, mwalimu, alimwonea huruma akamwonyesha video za mtaalamu wa kupatanisha familia. Fundi alisikiliza huku akipiga pasi, akaandika kwenye daftari la vipimo: tambua maumivu yake, omba radhi, usijieleze, maana kujieleza ni kujitetea. Akakariri wee, kisha akatuma ujumbe: "Nayatambua maumivu yako. Nawajibika. Naheshimu mipaka yako."

Simu ikaita papo hapo.

"Mama, nani amekuandikia haya?"

"Nimeandika mwenyewe, mwanangu."

"Haya ni ya yule wa kwenye video. Hata mimi namsikiliza." Sauti ilikuwa na kilio. "Wewe mwenyewe unasemaje? Kwa nini ulinichapa vile?"

Lori lilimfika kwenye ncha ya ulimi. Lakini kulitaja ni kujieleza, na kujieleza kumekatazwa. Jamani, hakutaka kuharibu tena.

"Nayatambua maumivu yako," alisema.

"Asante, mama," binti akajibu, kwa ile sauti ya adabu anayowapa wateja wa benki anakofanya kazi, akakata.

Fundi aliiweka simu karibu na cherehani, akaongeza sauti ya mlio. Maskini, alidhani amepatia.