Ukungu wa Fundi Miwani

Basi lilimshusha msafiri katika mji asioujua, miwani yake vipande viwili mfukoni. Lugha tano alizozijua hazikumsaidia kitu. Bila miwani hata kibao cha choo hakisomeki. Akaelekezwa kwa mwanamke ambaye mji mzima ulimwita Fundi Miwani.

Duka lake lilikuwa na upana wa mlango mmoja na nusu.

"Kaka, tazama mbele moja kwa moja!" alimkaripia akimpima macho. "Usiibie kwa pembe ya jicho."

Nyuma ya mashine ya kusagia lenzi lilisimama bomba nene la plastiki, refu kumshinda yeye.

"Darubini yangu," alisema. "Kioo chake nimekisaga kwa mkono, miezi kumi na minne."

Chama cha watazama nyota cha mji wa mbali kilikuwa kimemwalika, kwa sharti moja: darubini iweze kuonyesha nyota mojamoja ndani ya kishada, yaani zile nyota kongwe, maelfu kwa maelfu, zilizosongamana kama mpira. Tiketi ya basi la alfajiri ilikuwa kwenye droo. Lakini usiku nne mfululizo alikuwa ameona ukungu mtupu.

"Leo nikiona ukungu tena, siendi. Sitaki kuaibika."

Saa mbili usiku walikuwa uani. Shemeji yake, fundi cherehani wa duka la pili, alishika ngazi aliyopanda Fundi.

"Unaona nini?"

"Ukungu."

"Shemeji, hilo ni doa la mafuta ya nywele. Pangusa."

"Nimepangusa mara kumi!"

"Ndiyo maana kioo kimekonda."

Msafiri alicheka. Fundi, jicho likiwa bado kwenye darubini, akalizungusha pembeni kumkata jicho shemeji yake.

"Wewe bwana, nikishuka hapa nita..."

Akatazama mbele, kisha pembeni tena.

"Zimemwagika!" akapiga kelele. "Nyota! Kama sukari kwenye kitambaa cheusi!"

Kumbe mwanga hafifu hunaswa vizuri zaidi na pembe ya jicho. Na yeye, miaka ishirini, kazi yake ni kuwaamuru watu watazame moja kwa moja!

Msafiri akapanda ngazi na miwani yake mpya.

"Ibia, kaka, ibia!" Fundi alimhimiza kutoka chini.

Akaibia, naye akaziona, chembechembe zikimetameta ukingoni mwa ukungu. Shemeji alipopanda, hakushuka mpaka alipovutwa suruali.

Alfajiri, shemeji alilibeba bomba hadi kituoni, amelivika blanketi alilolishona usiku uleule.

"Taratibu, konda," alionya. "Humo mna nyota, si magunia."

Basi likaondoka. Msafiri hakupanda, alikuwa ameombwa achunge duka mpaka Fundi arudi, naye alikubali kabla hajauliza atarudi lini. Wakampungia mkono. Fundi, pale dirishani, aligeuza uso mbele kabisa, akawaibia kwa pembeni, akicheka mpaka mabega yanatikisika.