Nilivyomsingizia Bwana Yesu Ubishi

Nakumbuka, mwanangu, Jumapili moja pale Changamwe, niliposimama mbele ya kadamnasi nikiwa ndani ya koti la kuazima, nikamsingizia Bwana Yesu ubishi. Usicheke kwanza. Utacheka baadaye, nafasi nitakupa. Kaa vizuri unisikilize, maana kisa hiki watu hukieleza kila mmoja kwa namna yake, tena huongeza chumvi, na leo nataka ukisikie kwa mwenyewe aliyekitenda.

Ilikuwa karibu na Uhuru. Mimi nilikuwa nimetoka kwetu bara, upande wa Kakamega, nikapata kazi ya ukarani katika stoo ya kiwanda. Chumba nilikaa na rafiki yangu Okumu, kijana wa Kisumu, mpole, mwembamba, ambaye fahari yake yote duniani ilikuwa koti moja jeusi la sufu. Kiswahili changu kilikuwa cha kuokoteza. Nilikiokota ndani ya gari moshi, nikakiokota kiwandani kwa wenzangu wa bara, na kwa kuwa sisi kwa sisi tulielewana, nikajiona nimefika. Wapi! Watu wa pwani lugha ni yao, sisi tulikuwa wapangaji tu.

Kanisa letu lilikuwa dogo, la mabati, na mwinjilisti wetu alikuwa Mzee Yeremia, Mrabai wa hukohuko pwani, mtu wa sauti ya taratibu, asiyekuwa na haraka hata mvua ikimnyea. Alikuwa na binti, jina lake Selina. Sitakueleza uzuri wake, utasema babu amezeeka vibaya. Nilimpenda, basi, nikapeleka posa kama inavyotakiwa. Wazazi wangu walikuwa mbali, kwa hiyo Okumu ndiye aliyekwenda kunisemea, na koti lake mwilini, akifuatana na mtu mzima mmoja wa kanisani. Mzee Yeremia akawakaribisha, akawanywesha chai, akawasikiliza mpaka wakaishiwa na maneno. Kisha akasema hakatai wala hakubali.

"Mtu anayetaka nimpe mwanangu, nataka kwanza nimsikie akilitoa Neno," akawaambia. "Jumapili ijayo, alasiri, Zakayo atahubiri kiwanjani. Nikishamsikia nitajibu."

Zakayo ndiye mimi.

Akanipa na fungu la kuhubiri, lile ambalo Bwana anasema amesimama mlangoni anabisha. "Maneno ni machache lakini yana kina," akaniambia. "Ukitoka kazini njoo kwangu jioni, tuyasome pamoja." Nikaitikia, "Ndiyo, Baba, nitakuja," kwa unyenyekevu ambao ungedhani ni malaika anayesema. Sikwenda hata siku moja.

Unajua nilikuwa wapi? Kwa fundi cherehani. Nilijiambia hivi: maneno yenyewe ni machache, nitayaweza, lakini suruali sina, na Selina atakuwa pale mbele na wenzake wa kwaya. Basi kila jioni nikitoka kazini, badala ya kupinda kwa Mzee, napinda kwa fundi. Fundi naye unawajua mafundi. Leo "njoo kesho", kesho "njoo kesho", na kitambaa kiko palepale hakijaguswa na mkasi. Ikabidi nikae barazani kwake nimsimamie, tukivutana juu ya upana wa pindo kama watu wanaogawana urithi. Nikanunua mafuta ya nywele. Nikachana njia ya nywele upande mmoja, ikanyooka kuliko ya reli. Koti nikamwomba Okumu.

Maskini Okumu! Alilivua msumarini kwa mikono miwili. "Chukua, ndugu yangu," akasema, "lakini usiinue mikono sana." Maana yeye alikuwa mwembamba na mimi mabega yalikuwa ya mpanda milima. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo, lakini siku zile wahenga walisema na mimi nilikuwa na mambo yangu.

Jumapili ikafika. Kiwanja chenyewe kilikuwa karibu na soko, na siku hizo kila penye nafasi palikuwa na mtu amepanda juu ya sanduku akieleza Uhuru utakavyokuwa. Kwa hiyo mtu akikuona juu ya sanduku alisimama tu, kusudi asipitwe. Watu wakajaa. Upande mmoja walisimama wenzangu wa bara, wa kiwandani na wa bandarini. Upande wa pili walisimama wenyeji, na mbele yao Mzee Shee, Mwislamu wa watu, mwenye duka la pale kona. Huyu alikuwa rafiki wa Mzee Yeremia, na kila Jumapili alikuja na kiti chake mwenyewe, akisema neno la Mungu halimchafui mtu masikio.

Jua la Changamwe, mwanangu, na koti la sufu! Jasho lilinitoka kabla sijafungua mdomo.

"Ndugu zangu," nikaanza, "Bwana Yesu amesimama mlangoni kwako. Anafanya nini hapo? Anabisha!"

Sasa hapa ndipo penye maafa. Sisi wa bara neno kubisha tulilijua kwa maana moja tu, kushindana na mtu kwa maneno. Kwamba kuna kubisha hodi, kwamba mtu wa pwani akisikia mlango unabishwa huinuka akafungue, hilo sikuwa nalo hata kwa ndoto. Lile fungu nililisoma peke yangu, mbiombio, nikingoja pasi ishike moto. Niliona ajabu kidogo Bwana kuwa na ubishi, lakini nikasema moyoni, labda anazo sababu zake.

Na kama hakuwa nazo, mimi nilimpa. "Anabisha asubuhi! Anabisha jioni! Wewe ukisema hili, yeye anasema lile! Ukimwambia basi yaishe, hataki yaishe, anabisha tu! Mafarisayo walijaribu kushindana naye, wakachoka wakaenda zao!"

Wenzangu wa bara wakashangilia. "Abishe!" kuli mmoja akapaza sauti. "Abishe nao, wametuzoea hao!" Nadhani alifikiri ni habari za Uhuru. Mimi nikapanda joto. Upande wa pili nikawaona wenyeji wanatazamana, wanawake wamejiziba midomo kwa leso na mabega yanawacheza, nikadhani ni kilio cha toba. Okumu yuko mstari wa mbele, na kila nikiinua mikono anafumba macho, anakunja uso. Nikasema moyoni, ama leo hata Okumu ameguswa na Roho.

Mzee Shee hakuweza kuvumilia. Akainuka kitini pole pole. "Mwanangu, niwie radhi nakukata kauli. Huyo yuwabisha na nani?"

"Na sisi sote, Mzee!"

"Juu ya nini?"

"Juu ya kila kitu!"

"Astaghfirullah!" Mzee Shee akajishika kichwa. "Kijana, mimi si wa dini yako, lakini Nabii Isa namjua. Mtu mpole yule, mtu wa adabu zake. Wallahi hakuwa mbishi! Maneno haya umeyatoa wapi?"

Ebu fikiri, mwanangu. Mwislamu anasimama hadharani kumtetea Yesu, na anayemshitaki ni mhubiri! Mtu mwenye akili hapo angeshuka sandukuni akaulize, maana kuuliza si ujinga. Mimi nikamkazia Mzee wa watu macho. "Ndivyo ilivyoandikwa!" nikasema, na mikono yote miwili nikaielekeza mbinguni. Hapo ndipo koti la Okumu lilipokata roho. Chwaaa! Kutoka kwapani mpaka kiunoni, na bitana ikajitokeza nje kama ulimi. Okumu akatamka neno la Kijaluo ambalo mpaka leo sijatafsiriwa.

Kiwanja kizima kikaangua kicheko. Bara na pwani walicheka pamoja siku ile, wala hapakuwa na haja ya mkalimani. Nikamtafuta Selina kwa macho, nikamwona ameinama, amejifunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Nikajua mke sina.

Mzee Yeremia akaja akasimama kando yangu, akaniwekea mkono begani, upande ule uliokuwa bado mzima. Hakupaza sauti.

"Ndugu zangu, kijana wangu msimcheke mkapitiliza. Kwao kubisha ni kushindana kwa maneno. Sisi hapa twajua kubisha ni kupiga hodi. Na Mzee Shee amesema kweli, Bwana ana adabu. Hasukumi mlango wala haingii bila ruhusa. Hubisha, kisha akangoja. Lakini Zakayo hakukosea kwa sababu ya Kiswahili. Kiswahili hufundishwa, nami nilimwita nimfundishe. Alikosea kwa sababu alikuwa chumbani anavaa. Mgeni yuko nje anabisha, naye yuko mbele ya kioo ananyoosha kola. Na nyinyi je, mliokuwa mkicheka? Mmoja yuko ndani anapanga biashara. Mwingine anagombania cheo ambacho Uhuru wenyewe haujakileta. Mgeni kwa desturi yetu hupiga hodi, akikosa jibu huenda zake. Mimi sijui hodi yangu ya mwisho ni ipi. Wewe waijua yako?"

Hapakuwa na aliyecheka tena. Yule kuli alivua kofia. Na mimi niliona haya, mwanangu, haya ambayo sijapata kuiona tena, wala haikuwa ya lile koti. Nilikuwa nimepewa habari ya Mungu kuja kumtembelea mwanadamu nyumbani kwake, nikaona suruali ni muhimu zaidi.

Jioni nikaenda kwa Mzee kupokea jibu langu, maana hata kama ni la kukataliwa, mtu hulifuata mwenyewe. Nikafika mlangoni nikagonga kidogo. Ndani nikamsikia Mzee akiuliza, "Nani huyo anabisha?"

Nikaruka. "Ni mimi, Baba! Lakini sibishi, wallahi sibishi!"

Nikasikia kicheko cha kike jikoni. Mzee akatoka, akanitazama juu mpaka chini. "Posa yako iko palepale, haijakubaliwa wala haijakataliwa," akasema. "Kesho jioni njoo tusome."

"Mpaka lini, Baba?"

"Mpaka uache kuniuliza mpaka lini."

Basi nikaanza kwenda. Ile suruali mpya nikampa Okumu kuwa fidia ya koti, akaivaa kwa kuikaza mkanda mpaka akafanana na gunia lililofungwa. Nami kila jioni niko kwa Mzee Yeremia. Nikwambie kweli, mwanzoni sikuwa nafuata kitabu. Nilifuata pazia la jikoni, maana nyuma yake ndiko Selina alikokuwa akipika. Likitikisika nilipotelewa na mstari. Mzee alikuwa akiona, akikohoa tu, akinirudisha: "Soma tena, taratibu. Haraka haraka haina baraka."

Sijui niseme ilibadilika lini. Kuna jioni tulisoma habari ya yule mchungaji aliyewaacha kondoo wengi akaenda kumtafuta mmoja aliyepotea. Mimi niliyekuwa mbali na mama yangu, karani mmoja katika mji ambao hakuna aliyejua jina la baba yangu, niliona nimetafutwa. Nililia mbele ya yule mzee bila haya. Toka siku ile nikawa nakwenda mbio. Kiwandani nikihesabu mizigo moyo uko kwenye sura ya jana, nataka kujua kumetokea nini. Nikawa namsumbua Mzee kwa maswali mpaka anaomba apumzike.

Masika ikapita, vuli ikapita. Jioni moja Mzee Yeremia akafunga kitabu, akavua miwani. "Zakayo," akasema, "mbona siku hizi huniulizi habari ya posa yako?"

Ningeweza kusema nilikuwa nangoja kwa heshima. Lakini nilikuwa nimeshazoea kusema kweli katika nyumba ile, na kweli ikaniponza. "Nisamehe, Baba," nikajibu. "Nilisahau."

Jikoni sufuria ikaanguka. Pazia likafunguka, na Selina huyo, mwiko mkononi, mbele ya baba yake! Siku zile msichana hakuwa na kauli mbele ya posa yake, ujue hivyo.

"Umesahau?" akaniuliza.

Nikakivuta kitabu nikakifungua.

"Haya, wewe sahau," akasema. "Mimi sijasahau. Baba, mjibu mtu huyu, nimechoka kumpikia!"

Mzee Yeremia alicheka mpaka akashika ukuta. Alipopata pumzi akanishika mkono. "Sasa nakupa, mwanangu. Uliponijia unamtaka binti ukalisahau Neno, nilikuogopa, maana mtu wa namna ile kesho angemsahau na binti pia. Leo umelishika Neno, na huyu binti, kama unavyoona, kusahaulika hawezi."

Basi, mwanangu, ndivyo nilivyompata bibi yako.

Nisikilize sasa, na hili ulishike. Sikwambii usivae. Vaa upendeze, mimi hata leo napenda suruali iliyopigwa pasi. Sikwambii usitafute kazi, wala mke, wala cheo. Hivyo vyote Mungu anajua kuwa unavihitaji. Ninachokwambia ni kwamba visikae kiti cha mbele. Kiti cha mbele ni cha Injili. Ukiitanguliza, mengine yatafuata, na yakichelewa hayatakutia wazimu. Ukianza na hayo mengine, utafika uzeeni umevaa vizuri na hujui ulikuwa unakwenda wapi. Na ukikutana na neno la Mungu usilolielewa, usilijazie maana yako, tafuta mtu mzima ukae naye mlisome. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi ni bahati tu kwamba kilichovunjika ni koti.

Nenda, mwanangu. Mungu akufunulie Neno lake ungali na nguvu za kulitumikia. Akupe riziki ya halali, akuepushe na tamaa isiyo na kituo, na siku atakapokuita akukute una amani. Amina.