Sare ya Harusi

Kitenge kipya kinanuka nta na rangi. Leo muuzaji wa vitenge katika mtaa wa Matonge alipokikunjua mezani, harufu hiyo ilinirudisha kwenye harusi ya shangazi, katika mji wa pwani kusini mwa Ufaransa.

Baada ya kanisa tulipanda mtaa wa kale kilimani kupiga picha. Wanawake wote wa ukoo walikuwa wameshona kitenge kimoja. Kwenye kichochoro chembamba nikashika sketi ya mama. Aliyegeuka hakuwa mama.

"Mimi si mama yako, mutoto," alisema, lakini nilikuwa nimeshatimua mbio. Kila kona niliona kitenge kile kile, na kila sura ilikuwa ya mwingine. Nikajikojolea kwa hofu.

"Mutoto yangu, angalia huku!"

Mama alisimama juu ya ngazi, kilemba mkononi, nywele zake ambazo hazijasukwa zikiwa wazi mbele za watu, ili nimtambue. Hakukifunga tena siku ile.

"Bon, na kilemba ya kwako nikate?" muuzaji aliniuliza, akipima kitenge cha sare ya matanga ya mama.

"Hapana, tonton. Mimi nitaenda kichwa wazi."